Jiwe la Mombasa na Jiwe la Thika: Jinsi Wataalamu Wanavyosoma Dahari za Ardhi



Ndugu wasomaji, jamaa zetu wengi wa Pwani leo wana makazi Thika na Ruiru. Wapo waliofuata kazi za viwandani, wapo waliofuata masomo ya vyuo vikuu, na wapo akina mama waliofuatana na waume zao na kuanza maisha upya katika miji isiyokuwa na upepo wa bahari. Wakija likizo huleta hadithi, na katika hadithi hizo mambo mawili hayakosekani. La kwanza ni udongo mwekundu, unaoingia katika kanzu nyeupe ya mtoto siku ya kwanza na usitoke tena, hata ukaifua kwa sabuni ya kipande na kuianika jua la siku tatu. La pili ni jiwe. Sisi tumezoea jiwe la matumbawe, jeupe, lenye alama za makombe. Kule jiwe la kujengea aghalabu ni la kijivu, hukatwa kwa mashine katika machimbo ya Juja na Ndarugu, na malori huliteremsha viwanjani likiwa limenyooka pande zote kama mkate wa boflo. Ukilitazama kwa karibu huoni kombe hata moja. Unaona vitundu vidogo na vipande vya mawe mengine vilivyonaswa ndani yake.

Mtoto akiuliza kwa nini jiwe la kwa bibi lina makombe na hili halina, ameuliza swali ambalo wanajiolojia, yaani wataalamu wa miamba, wamelishughulikia kwa zaidi ya karne tatu. Jibu fupi ni kwamba jiwe la Mombasa lilijengwa na viumbe hai baharini, na jiwe la Ndarugu ni majivu ya volkeno yaliyoanguka kutoka angani yakagandamana. Jibu refu ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwa sababu ndani yake mna umri wa ardhi, mna habari za uhai, na mna jambo linalogusa meno ya watoto wetu.

Mkeka wa chini

Baada ya maulidi mikeka hurundikwa stoo, mmoja juu ya mwingine. Hakuna haja ya kumuuliza mtu ni upi uliowekwa kwanza. Ni ule wa chini kabisa. Kanuni hii nyepesi ndiyo msingi wa elimu yote ya kupanga historia ya ardhi, na aliyeiandika kwa uwazi huko Ulaya ni Nicolas Steno wa Denmark, mwaka 1669. Matope na mchanga hutuama tabaka juu ya tabaka. La chini ni kongwe kuliko la juu yake, ila pale ambapo ardhi imekunjwa au kupinduliwa.

Lakini fikra ya kusoma zamani kwa kutazama mawe ilikuwepo mapema zaidi. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipoichunguza Bara Hindi aliona kwamba karibu na milima, mahali mito inapokwenda kwa nguvu, mawe ya mviringo ni makubwa. Mbali na milima mawe ni madogo. Na karibu na bahari hubaki mchanga. Akahitimisha kwamba uwanda ule mkubwa ulikuwa bahari zamani, na mito ndiyo iliyoujaza. Ibn Sina, aliyeishi zama hizo hizo, aliandika katika Kitab al-Shifa jinsi milima inavyoinuka na kuliwa na maji, na jinsi viumbe vinavyogeuka mawe. Sehemu hiyo ya kitabu chake ilitafsiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200, na kwa muda mrefu wasomaji wa Ulaya walidhani ni maneno ya Aristotle. Mabwana hawa hawakuwa na majina ya vipindi yanayotumika leo, wala hawakujua hesabu ya miaka. Kuwazulia kwamba walijua kila kitu si kuwaheshimu. Heshima yao inatosha katika kile walichokiona kwa macho na kukifikiria kwa subira.

Mtu aliyeitia kanuni ya tabaka kazini ni William Smith, mpima ardhi wa Uingereza aliyesimamia uchimbaji wa mifereji ya mashua. Aligundua kwamba kila tabaka lina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na kwamba visukuku hivyo hufuatana kwa mpangilio ule ule kila anapochimba. Kwa hiyo tabaka la kijiji hiki na tabaka la mji wa mbali, zikiwa na visukuku vya aina moja, ni za zama moja. Ramani yake ya miamba ilitoka mwaka 1815. Tangu hapo ilikuwa kazi ya kutoa majina, na majina yakatoka mahali tabaka zilipochunguzwa kwanza: Kambri kwa jina la kale la Wales, Devoni kwa jimbo la Devon huko Uingereza, Jura kwa milima iliyo mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, Permi kwa mji wa Perm wa Urusi. Ndiyo maana mtoto wa Ruiru anayesoma habari za kipindi cha Jura anataja, bila kujua, milima ya Ulaya.

Mgawanyo wenyewe unafanana na kalenda. Mwaka una miezi, mwezi una wiki, wiki ina siku. Ardhi nayo ina dahari nne kuu: Hadeani, Arkeani, Proterozoiki na Fanerozoiki, hii tuliyomo. Dahari hugawanywa katika enzi, enzi katika vipindi, na vipindi katika mihula. Tofauti na kalenda ni kwamba sehemu hizi hazilingani urefu. Mpaka huwekwa pale ambapo tabaka zinaonyesha kwamba jambo kubwa lilitokea: viumbe vya aina fulani vimetoweka, vingine vimejitokeza, au hewa na bahari vimebadilika. Tume ya kimataifa ya wanajiolojia huchagua jabali moja duniani kuwa shahidi wa kila mpaka. Shahidi wa mpaka ambapo dinosau walitoweka yuko El Kef, nchini Tunisia. Wa mpaka mwingine uliofuata, wakati dunia ilipopata joto kali miaka milioni 56 iliyopita, yuko Dababiya, karibu na Luxor, Misri.

Hesabu ya miaka

Kujua kipi kilitangulia ni jambo moja, kujua kilitangulia kwa miaka mingapi ni jambo jingine. Huko Ulaya askofu mmoja wa Ireland, James Ussher, alipiga hesabu mwaka 1650 akisema ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Tunalitaja hili kwa sababu wapo Waislamu wanaodhani kwamba dini yetu nayo inamlazimisha mtu kuamini miaka elfu sita. Hesabu hiyo si yetu. Qur'ani Tukufu haikutaja umri wa ardhi.

Saa ya kuhesabu dahari ilipatikana baada ya kugunduliwa kwamba madini mengine hubadilika yenyewe kidogo kidogo kwa kasi isiyoharakishwa wala kucheleweshwa. Urani hugeuka risasi. Nusu ya aina moja ya urani huchukua miaka takriban milioni 4,470 kugeuka. Ukipima kiasi cha urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, unajua jiwe lina umri gani. Mwaka 1911 kijana wa Kiingereza aitwaye Arthur Holmes, akiwa na miaka 21, alichapisha kipimo cha jiwe la Norwe: miaka milioni 370. Mwaka huo huo alisafiri hadi Msumbiji kutafuta madini. Madini hakuyapata, alichopata ni malaria iliyomlaza vibaya. Lakini hakuyasahau majabali ya pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, na miaka kama 40 baadaye ndiye aliyeupa jina mkanda mkubwa wa miamba ya kale unaotoka Msumbiji, ukapita Tanzania na Kenya kwenda kaskazini. Unaitwa Mkanda wa Msumbiji, na Kilimambogo cha Thika ni sehemu yake.

Kwa mawe ya volkeno hutumika saa nyingine. Ndani yake mna aina ya potasi inayogeuka gesi ya agoni. Lava ikiwa bado uji wa moto, gesi hutoroka yote. Ikiganda, gesi hunaswa, na saa huanza kuhesabu. Mawe ya Kenya yamepimwa sana kwa njia hii, kwa kuwa volkeno hatukunyimwa.

Umri wa ardhi yenyewe ulipatikana mwaka 1956, Clair Patterson wa Marekani alipopima risasi katika vimondo vilivyoanguka kutoka angani. Hesabu inayokubalika leo ni miaka takriban milioni 4,540.

Safari ya basi

Tuipande sasa barabara ya Mombasa, na badala ya kulala tutazame nje.

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wote wa ufuo umekaa juu ya matumbawe ya muhula wa Plaistosini. Sehemu kubwa yake ilikua miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu zaidi ya ilivyo leo. Ngome ya Yesu, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya jiwe hilo na imejengwa kwalo. Ukivuka kwenda bara unaingia katika udongo na mawe ya kipindi cha Jura, ambamo hupatikana visukuku vya amonaiti, wanyama wa baharini wenye kombe lililojipinda kama pembe ya kondoo dume. Hao ni kumbukumbu ya wakati Madagaska ilipoanza kuachana na Afrika na bahari ikaingia katikati. Kisha inakuja miamba ya mchanga ya Mazeras, ambamo hupatikana magogo yaliyogeuka mawe. Halafu ya Mariakani. Halafu ya Maji ya Chumvi. Halafu ya Taru. Majina haya ya vituo vyetu vya basi yameandikwa katika vitabu vya jiolojia kuwa majina ya tabaka, na kila unavyozidi kwenda bara ndivyo unavyoingia katika tabaka kongwe zaidi, hadi Taru ambako umefika kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 nyuma. Hapa hapakuwa na Bahari ya Hindi kabisa. Bara Hindi, Madagaska na Afrika zilikuwa nchi moja.

Baada ya hapo, kuelekea Voi, tabaka za mchanga zinakwisha na unakanyaga Mkanda wa Msumbiji wenyewe: miamba iliyopikwa na kukunjwa ndani kabisa ya ardhi miaka kama milioni 600 iliyopita, mabara mawili yalipogongana. Moto na uzito huo ndio uliotengeneza vito vya Taita Taveta, na kile cha kijani kinachoitwa tsavoraiti kimechukua jina la Tsavo. Anayevaa pete yake amevaa kidoleni kipande cha mgongano wa mabara.

Kisha, ukikaribia Nairobi, kila kitu kinabadilika. Juu ya miamba hiyo ya kale imemwagwa lava. Huko Thika na Ruiru lava na majivu vimeifunika ile miamba ya zamani kama ubwabwa ulioepuliwa juu ya sinia. Lava ya zamani katika eneo hili ina umri wa takriban miaka milioni 13. Nyingine zilifuata, za mwisho zikiwa na miaka kama milioni tatu. Hiyo ni mihula ya Miosini na Pliosini, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka. Maporomoko ya Chania na ya Thika, yanayopendwa na familia siku za sikukuu, yanaporomoka juu ya miamba hiyo ya volkeno. Kilimambogo peke yake, ambacho Wamasai hukiita Ol Donyo Sabuk, kimetokeza juu ya lava kwa urefu wa zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, kama kisiwa.

Karibu na mlima huo huanza ajabu moja. Lava ya wakati ule iliingia katika bonde la mto na kulifuata kuelekea kusini mashariki kwa takriban kilomita 300. Baadaye ardhi laini ya kandoni iliyeyuka kwa mvua, lava ngumu ikabaki, na bonde likageuka mwinuko. Ndio uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu wa bapa unaouona kwa mbali ukiwa katika treni au basi upande wa Tsavo. Ni miongoni mwa mitiririko mirefu ya lava inayojulikana duniani.

Sasa angalia jambo hili. Huko Thika lava ya miaka milioni 13 imelala moja kwa moja juu ya jabali la miaka milioni 600. Katikati hamna kitu. Samaki wa kwanza, misitu ya kwanza, dinosau wote kuanzia wa mwanzo hadi wa mwisho: kurasa zao hazipo. Ardhi hapo ilikuwa juu, ikiliwa na mvua badala ya kupokea matope, na kila kilichoandikwa kilifutwa. Ndiyo sababu hakuna anayechimba dinosau Thika. Kurasa hizo zimebaki kwetu Pwani, Taru, Maji ya Chumvi na Mombasa, na mahali pengine duniani. Hakuna nchi yenye kitabu kizima. Wataalamu hukusanya kurasa kutoka huku na huku, na hapo ndipo kazi yao inapostahili sifa.

Shibiri moja

Hesabu za mamilioni huchosha akili. Basi tuitumie barabara ile ile kama rula tu, tukisahau mawe yake kwa muda. Kutoka Mombasa hadi Ruiru ni takriban kilomita 505. Tuseme ardhi iliumbwa pale Mombasa, na leo ni Ruiru. Kila kilomita ni miaka milioni tisa, na kila mita ni miaka 9,000.

Dalili za kwanza za uhai zinazokubalika na wengi, vidubini visivyoonekana kwa macho, zinatokea tukiwa karibu na Maungu. Tunapita Voi, tunapita Mtito Andei, tunapita Emali, na viumbe bado ni vidogo hivyo hivyo. Vimefanya kazi moja kubwa tu: vimejaza oksijeni hewani. Wanyama wenye makombe na magamba wanaanza kuenea tukiwa tumekaribia Athi River, zikiwa zimebaki kilomita 60. Hapo ndipo kipindi cha Kambri kinapoanza, miaka milioni 539 iliyopita. Katikati ya Nairobi tunakutana na maangamizi makubwa kuliko yote, miaka milioni 252 iliyopita, ambapo sehemu kubwa ya viumbe vya baharini ilitoweka. Dinosau wanaanza na kutawala ndani ya jiji lenyewe, na wanakwisha tukiwa Kahawa, kimondo kikubwa kilipoipiga ardhi huko Mexico. Lava ya Thika inamwagika kilomita moja na nusu kabla ya kushuka.

Mabaki ya kale ya watu wenye maumbile kama yetu yako mita 33 kutoka mlango wa basi. Mita tisa kutoka hapo tulipo yuko yule mtoto wa Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, aliyezikwa pangoni miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi au chini kidogo. Alilazwa kwa ubavu wa kulia katika kaburi dogo, magoti yamekunjwa, na kwa dalili za mifupa alifungwa katika kitu na kichwa chake kikaegemezwa juu ya kitu laini. Watafiti wamempa jina la Mtoto, kwa Kiswahili. Mama yeyote aliyewahi kumkabidhi mwanawe kwa ardhi hahitaji kufasiriwa.

Na Hijra ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, iko sentimita 16 hivi tu nyuma yetu. Haifiki shibiri.

Mtoto akirudi na swali

Swali ambalo wazazi wa Thika na Ruiru hutuletea ni hili: mwanangu anafundishwa hivi shuleni na vile madrasa, nimwambie nini?

Tunaonelea mambo mawili yatenganishwe. Umri wa ardhi na mfuatano wa viumbe ni habari za vipimo. Havina ugomvi na imani ya mtu anayejua kwamba Qur'ani yenyewe imetaja siku iliyo kama miaka elfu kwa hesabu yetu, na nyingine kama miaka elfu hamsini, na kwamba wafasiri wametofautiana tangu zamani kuhusu urefu wa zile siku sita. Mtoto asifundishwe kumdharau mwalimu wake wa sayansi kwa sababu ya jabali. Mwambie akaliangalie jabali.

Habari ya asili ya mwanadamu ni nzito zaidi, na hatutaifunika kwa maneno matamu. Wanasayansi husema kwamba viumbe vyote, pamoja na mwili wa binadamu, vina nasaba moja inayobadilika kizazi baada ya kizazi, na Kenya imetoa visukuku vingi vinavyotumiwa katika hoja hiyo, maarufu kati yake ukiwa mwili wa kijana wa Nariokotome, kando ya Ziwa Turkana, uliogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Sisi tunaamini kuumbwa kwa Nabii Adam, amani iwe juu yake. Wanazuoni wa leo hawana kauli moja: wapo wanaoikataa nadharia yote, wapo wanaoikubali kwa wanyama na mimea na kumtoa Adam, na wapo wanaokwenda mbali zaidi. Mtoto aambiwe hivyo, kwamba jambo hili lina mjadala, na ampeleke sheikh wake swali la itikadi kama anavyompelekea mwalimu swali la mfupa. Kumwambia kwamba mifupa haipo haitasaidia, kwa sababu ipo katika makumbusho ya taifa Nairobi, na siku moja shule itampeleka.

Wala mfuatano wa viumbe si habari ya bara tu. Mwaka 2001 wavuvi wa meli walivua karibu na Malindi samaki aitwaye silakanti. Jamaa zake hujulikana katika miamba ya kipindi cha Devoni, miaka kama milioni 400 iliyopita, na hadi mwaka 1938, alipopatikana mmoja Afrika Kusini, wataalamu waliamini kwamba samaki wote wa aina hiyo walitoweka pamoja na dinosau.

Udongo uliofika Malindi

Turudi kwenye udongo wa kanzu. Lava ikikaa kwenye mvua na jua kwa muda mrefu huoza, na chuma chake hupata kutu. Hiyo kutu ndiyo wekundu. Ndio udongo ulioifanya Ruiru kuwa makao ya utafiti wa kahawa nchini na kutoa mbuni wa Ruiru 11 mwaka 1985. Penye uwanda usiotoa maji, kama sehemu za Juja na mashariki ya Thika, lava ile ile hutoa udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukinyesha na kupasuka ukikauka. Anayenunua kiwanja huko aulize rangi ya udongo kabla ya kuuliza bei, kwani msingi wa nyumba ukijengwa juu ya udongo mweusi bila kuuondoa, kuta zitapasuka.

Mto Chania huingia katika mto Thika, na Thika huingia katika Tana, unaofika baharini Kipini. Lakini mto Ruiru na mto Ndarugu hupeleka maji yao Athi, na Athi ukishuka hugeuka jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga kaskazini ya Malindi. Kwa hiyo katikati ya miji hii miwili maji ya mvua huagana. Wenye kujua Malindi wanajua rangi ya bahari baada ya masika.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza tumbawe la Malindi lililokua kwa miaka kama 300. Tumbawe hukua kwa pete za kila mwaka kama mti, na ndani ya pete hunasa bariamu inayoletwa na matope ya mto. Kwa miaka mingi kiasi kilikuwa kidogo na tulivu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walipokuja walowezi wa Kiingereza na misitu ya bara ikafyekwa kwa mashamba, kiasi kikapanda na hakikurudi chini tena. Hakuna aliyeandika daftari la udongo uliopotea bonde la Athi, tumbawe liliandika. Wapo wanajiolojia waliotaka alama za aina hii, za kazi ya mikono ya binadamu, zitangazwe kuwa mwanzo wa muhula mpya. Mwaka 2024 tume yao ilipiga kura na kukataa. Bado tumo katika Holosini, ulioanza miaka 11,700 iliyopita.

Maji ya kisima

Tumeliacha la meno hadi mwisho ili msomaji aliyechoka na mamilioni asilikose.

Lava na majivu ya bara yana floridi. Maji yakikaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo huiyeyusha, na visima virefu vinavyochimbwa kwa mashine, ambavyo mitaa mipya mingi ya Ruiru, Juja na Thika huvitegemea, huenda vikatoa maji yenye floridi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya utu uzima yanajijenga ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kiasi kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika. Kwa mtu mzima aliyehamia na meno yake, madoa hayaji. Ndiyo maana wazazi hawashtuki mapema.

Pwani adui wa kisima ni chumvi, na ulimi hukwambia. Floridi haina ladha. Kuchemsha maji hakuiondoi, bali huyapunguza maji na kuiacha floridi ikiwa nzito zaidi. Dawa ya kuua vijidudu haiigusi. Magadi ya kulainishia maharagwe nayo yana floridi, na majani ya chai pia, hivyo mtoto mdogo asizoeshwe chai nyeusi kutwa kucha. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana shida hii, na ni bora yatengwe kwa ajili ya kunywa watoto na kupikia uji wao. Yapo pia machujio ya makaa ya mifupa, yanayonasa floridi, lakini makaa hayo huchoka na lazima yabadilishwe.

Njia ya kujua ni kupima. Muulize mwenye nyumba au kamati ya mtaa karatasi ya vipimo vya kisima, kwa kuwa kisima kilichochimbwa kwa utaratibu hupimwa. Kama haipo, peleka sampuli katika maabara ya maji na utaje floridi kwa jina, kwani kipimo cha kawaida cha vijidudu hakiioneshi. Tumia chupa ya plastiki, si ya kioo, isuuze mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, uijaze, uifunge, na uandike tarehe.